Jumamosi Iliyofuata Hukumu ya Fort Worth: Maneno ya Kumuaga Mama Emérance

Baba Padri, mlezi wa parokia hii. Mheshimiwa Diwani wa mji wetu wa Lewisville, uliyekubali kuketi nasi mchana kutwa huku binti yetu Liliane akikutafsiria sikioni. Ndugu Mwenyekiti wa Jumuiya ya Warundi. Ndugu Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wakongomani. Madaktari na wauguzi mliotufikia kutoka kliniki. Wazee wetu, akina mama, vijana. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Irving, Fort Worth na hata Houston. Na wewe mwenyewe, Mama Emérance, pamoja na binti yako Elvire aliyekuja kutunyang'anya mama yetu: nawasalimu nyote kwa heshima zote.

Kwa wasionijua, naitwa Fidèle Byamungu, mtoto wa Uvira. Hapa wengi mnaniita Maître, kama anavyoitwa wakili kwa Kifaransa. Leo, mbele ya Padri, niseme ukweli ambao ningepaswa kuusema siku nyingi: mimi sikuwahi kuwa wakili. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka tisa. Nilipofika Texas mtu mmoja akaniita Maître, wa pili akafuata, nami nikanyamaza kwa sababu jina lilikuwa tamu. Mama Emérance alilijua hilo tangu mwanzo, maana alikuwa na shemeji Uvira, na hakunitangaza. Alisubiri nijitangaze mwenyewe. Amesubiri miaka mitano.

Nimepewa dakika kumi na tano nimsifu. Ningeweza kuwaambia kwamba ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba kila mwaka Novemba na Desemba, baada ya kazi ya wiki nzima, aliketi Jumamosi katika ukumbi huu huu kuandikisha watu bima ya afya, ile mnayoiita bima ya Obama. Ningeweza kuwaambia kwamba serikali ilipopunguza fedha za wasaidizi wa aina yake, wengine wakaondoka, yeye akabaki bila malipo. Lakini hayo mnayajua. Nataka kuwasimulia habari ya Jumamosi moja tu, na ndani ya habari hiyo mimi ndiye mkosaji. Nimeomba ruhusa ya watu wawili ninaowataja, nao wameniruhusu. Wamo humu ukumbini.

Ilikuwa Desemba mwaka 2018. Usajili wa bima ulikuwa unafungwa Jumamosi, tarehe kumi na tano. Ijumaa jioni, siku moja kabla, jaji wa mahakama ya serikali kuu pale Fort Worth, si mbali na hapa tulipokaa, akatoa hukumu kwamba sheria nzima ile ni kinyume cha Katiba.

Mnaruhusu nieleze kidogo? Nitakuwa mfupi, na Mheshimiwa Diwani atanisahihisha nikiteleza.

Katiba ya nchi hii haikuipa serikali ya Washington mamlaka yote. Iliitajia mambo kadhaa, na yasiyotajwa yakabaki kwa majimbo na kwa wananchi wenyewe. Kati ya yaliyotajwa kuna kusimamia biashara baina ya majimbo, na kuna kutoza kodi. Sasa ile sheria ya bima ilimwamuru kila mtu awe na bima. Watu wakaenda mahakamani kuuliza: je, Washington inaweza kunilazimisha ninunue kitu nisichokitaka? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikajibu kwamba kwa mamlaka ya biashara haiwezi, kwa sababu mtu aliyekaa nyumbani kwake bila kununua kitu hafanyi biashara. Lakini inaweza kumtoza kodi asiyenunua. Kwa hiyo sheria ikasimama juu ya kodi. Baadaye, mwishoni mwa mwaka 2017, Bunge likaifanya kodi hiyo kuwa sifuri. Majimbo kadhaa, Texas ikiwa mbele, yakasema: kama kodi haipo, nguzo haipo. Jaji akakubaliana nayo, akaongeza kwamba nguzo ikianguka nyumba yote imeanguka.

Sikuja hapa kumlaumu jaji huyo. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tunaijua serikali isiyokuwa na mpaka, tunajua inavyogonga mlango. Nchi ambayo jaji anaweza kuiambia serikali "hapo huna ruhusa" ni nchi niliyoitamani tangu nikiwa kijana. Lakini mimi nimekulia Uvira, karibu na Kavimvira, palipo mpaka hasa wa Kongo na Burundi, na aliyekulia mpakani anajua jambo moja ambalo mchora ramani halijui: juu ya ule mstari wanaishi watu.

Basi Ijumaa ile niliipata habari kwenye simu nikitoka kazini. Nilisoma kichwa chake na aya mbili. Nikafurahi, ndugu zangu. Sikufurahia bima kufa. Nilifurahi kuwa na jambo la kueleza. Nikaingia katika kundi letu la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia mbili, nikaandika kwa mkono wangu huu: "Ndugu wapendwa, mahakama imeifuta bima ya Obama kuanzia leo. Msipoteze muda kesho kwenda kujiandikisha." Nikatia sahihi: Maître Fidèle. Watu wakanishukuru. Mmoja akaniwekea mikono ya kupiga makofi.

Kesho yake saa moja asubuhi nikasikia mlango. Ni Mama Emérance, ndani ya koti lake, na daftari mkononi. Nikamkaribisha. Hakukaa. Akaniambia kwamba siku hiyo alikuwa na watu kumi na wanne wa kuandikisha, na tangu Ijumaa usiku kumi na mmoja wamempigia kufuta. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile anayowaulizia wazee wake kama wamekunywa dawa:

"Maître, hukumu hiyo umeisoma?"

Nikamjibu kwamba nimesoma habari yake.

"Sikuulizi habari. Nakuuliza hukumu."

Akaenda jikoni, akabandika maji ya chai, akaniambia niitafute. Niliipata. Ilikuwa na kurasa hamsini na kitu, kwa Kiingereza kigumu. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Alipoleta chai nilikuwa ukurasa wa nne, naye akasema, "Wewe ulikuwa karani. Karani anaanzia wapi?"

Ndugu zangu, kazi ya karani ni moja. Wakili anatafuta sababu, mwandishi wa habari anatafuta kishindo, lakini karani anakwenda mwisho wa hukumu kuangalia mahakama imeamuru nani afanye nini, ili ampelekee karatasi. Miaka tisa nilifanya hivyo kila siku. Nikaenda mwisho. Nikatafuta amri ya kuisimamisha sheria. Haikuwepo. Jaji alikuwa ametamka maoni ya sheria; hakuwa amemzuia mtu yeyote kufanya lolote. Nikatafuta tena mahali pengine, nikakuta ofisi inayosimamia usajili imeshatangaza kwamba usajili unaendelea hadi siku hiyo iishe.

Nikachukua simu niandike masahihisho. Niliandika maneno mengi sana: kwamba hukumu hii ni ya aina ya kutamka, kwamba kuna rufaa, kwamba habari za jana hazikuwa kamili. Nikamwonyesha. Akasoma yote, akanirudishia simu.

"Futa," akasema. "Andika: Nilikosea. Njooni leo."

Nikaandika hivyo. Ni ujumbe mfupi kuliko wote niliowahi kutuma. Tukaja hapa ukumbini, yeye na kompyuta yake, mimi na simu yangu. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia wale kumi na mmoja, mtu baada ya mtu, na kila mmoja nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nilikosea. Hakuniambia nifanye hivyo kama adhabu. Alisema tu kwamba watu wamesikia sauti ya Maître ikifunga mlango, hivyo sauti hiyo hiyo lazima iufungue, ya mwingine hawataiamini. Wengine walicheka. Mama mmoja aliniuliza kama nina homa. Hadi saa saba mchana, pamoja na wale watatu ambao hawakufuta, watu kumi na wawili walikuwa wamekwisha kuandikishwa au wamepangiwa kuja jioni. Wakabaki wawili: Papa Severin, na Kalisti.

Papa Severin yuko pale, meza ya tatu, amevaa koti la kijivu. Wakati huo alikuwa akipakia mizigo katika ghala moja huko Irving, kwa kupitia wakala, bila bima ya kazini. Shingoni alikuwa na uvimbe. Daktari wa kliniki alikuwa ameushika, akamwambia kwamba unahitaji kupigwa picha na kuonwa na bingwa, na asingoje sana. Alikuwa amepanga kuja kwa Mama Emérance Jumamosi saa nne. Aliposoma ujumbe wangu, akaona siku imebaki tupu, akakubali overtime. Simu yake ilikuwa kwenye sanduku la ghala, kama wafanyakazi wanavyotakiwa.

Mama Emérance akafunga kompyuta. Akasema tunakwenda. Tukaenda kwa gari lake, nusu saa, tukasimama kwenye maegesho ya ghala. Nikamwomba mlinzi amfikishie ujumbe. Saa nane, wakati wa break, Papa Severin akatoka akikimbia, kwa sababu mlinzi alimwambia tu kwamba kuna watu wa kwao nje, naye akadhani kuna msiba.

Nilipomweleza, akaniuliza, "Maître, jana umesema imekufa. Leo imefufuka?"

"Haikufa," nikamwambia. "Nilikosea."

"Nani alikudanganya?"

"Hakuna aliyenidanganya. Niliandika kabla ya kusoma."

Aliangalia saa. Alikuwa na dakika ishirini na tano. Angeweza kula. Badala yake akaingia kwenye gari, kiti cha nyuma, na Mama Emérance akapiga namba ya usajili, akaweka simu katikati yetu. Tukasikiliza muziki. Siku ile nchi nzima ilikuwa inapiga namba ile ile, bila shaka nusu yao kwa sababu ya watu kama mimi. Dakika zikapita kumi, zikapita ishirini. Papa Severin alikuwa anajishika shingo. Ilipobaki dakika mbili sauti ya mashine ikasema kwamba mwenye kuacha jina na namba yake kabla ya usajili kufungwa atapigiwa simu kumalizia, na haki yake haitapotea. Akaacha jina, herufi kwa herufi, akarudi ndani bila kula. Aliniachia swali mlangoni: je, hiyo ni kweli, au ni kama ile ya jana? Nikamwambia sijui. Nadhani lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililompa.

Jumatano yake walimpigia. Mkalimani alikuwa mama Mkenya, mpole, akawa anamwambia "hebu ngoja kidogo baba, tutamaliza tu," nao wakamaliza. Bima ilianza Januari. Machi akapigwa picha, Aprili akapasuliwa. Ilikuwa saratani, ndugu zangu, lakini ilikuwa bado changa. Leo yupo, amekula wali wake, ninyi mmeona. Sauti imebaki na mkwaruzo, na mke wake anasema nyumbani mabishano yamepungua.

Mnapiga makofi, na ni haki. Lakini nilisema wawili.

Kalisti ni kijana wa Bujumbura, ana kisukari tangu utotoni. Aliposoma ujumbe wangu Ijumaa, akafuta miadi yake, akaondoka kwenda Houston, mtaa wa Sharpstown, kwenye posa ya kaka yake. Simu yake haikupatikana Jumamosi yote. Tulimwachia ujumbe mara saba. Tulipompata Jumatatu usajili ulikuwa umefungwa, na yeye hakuwa ameacha jina popote. Mama Emérance aliandika barua, akapiga simu, akaomba Kalisti afikiriwe kwa sababu maalumu. Wakauliza sababu ni ipi. Kwamba rafiki yake alimwambia vibaya, hiyo haimo katika orodha ya sababu.

Mwaka mzima wa 2019 Kalisti alikaa bila bima. Kliniki ilimsaidia insulini, Mungu awabariki, lakini macho yanahitaji bingwa wa macho, na foleni ya wasio na bima ni ndefu. Mwezi wa nane jicho lake la kushoto likafa.

Nilikwenda kwake, Mama Emérance aliponipa habari hiyo. Sikutumwa. Alinifungulia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka nilipomaliza. Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumwomba aseme. Alisema hajui kama jicho lingepona hata angekuwa na bima, na mimi pia sijui, na hatutajua. Kisha akaniuliza kama bado nafundisha lile darasa la Jumapili.

Darasa hilo lilikuwa la Mama Emérance. Tangu Januari ya mwaka ule alinitaka, baada ya misa ya pili, niwafundishe watu Katiba, kifungu kwa kifungu, na kila ninapotaja jambo nionyeshe limeandikwa wapi. Siku moja Mama Marguerite, anayefanya usafi hotelini, aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Kipato chake ni kidogo mno kupata msaada wa bima ile, kwa kuwa sheria iliwaachia watu wa kipato hicho bima ya serikali kwa maskini, na bima hiyo, hapa Texas, haimchukui mtu mzima asiye na mtoto mdogo. Akauliza, "Kama Washington wanataka kutusaidia, kwa nini wasiiamuru Texas?" Nikamwonyesha: Mahakama ya Juu ilisema Washington inaweza kulialika jimbo na fedha mkononi, lakini haiwezi kulikaba koo kwa kutishia kulinyang'anya fedha ilizokwisha kulipa. Texas ilialikwa, ikakataa. Akafikiri, akasema, "Basi kila mmoja ana haki yake. Na mimi nina mgongo wangu unaouma." Mama Emérance, aliyekuwa anapanga viti, ndiye aliyemjibu: alimpa anwani ya kliniki inayomtoza mtu kwa kadiri ya uwezo wake, akamwambia pia jina la mbunge wa jimbo anayemwakilisha, na siku anayopokea watu. Walikwenda wote wawili. Mbunge hakubadilisha msimamo, lakini aliwasikiliza dakika ishirini. Mama Marguerite alirudi mara ya pili peke yake.

Shauri lile la Fort Worth bado linatembea. Miezi miwili iliyopita mahakama ya rufaa imesema yake, nusu ya swali ikairudisha kwa jaji yule yule, na wanaojua wanasema litafika Mahakama ya Juu. Litakavyokwisha sijui. Mtakaponiuliza nitawaambia nimesoma hadi ukurasa wa ngapi.

Sasa nifikie mwisho. Novemba iliyopita usajili ulipofunguliwa, Mama Emérance alitueleza kwamba anahamia Houston kwa Elvire, kulea mjukuu, na kwamba Sharpstown nako kuna watu wasio na mtu wa kuwajazia fomu. Akaniambia nifanye mafunzo ya serikali ili nishike nafasi yake. Nikafanya, nikafaulu, nikaja hapa Jumamosi ya kwanza na cheti changu kipya. Nikaketi kando yake kama mwanafunzi.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Kalisti.

Mama Emérance akamvutia kiti upande wake. Kalisti akakichukua kile kiti, akakizungusha, akakaa mbele yangu. Akaweka karatasi zake mezani, akasema, "Andika wewe. Kila mstari unisomee kwa sauti kabla sijakubali."

Nikamsomea. Nilisoma mistari yote, hata ile midogo ya chini ambayo hakuna mtu anayeisoma. Mara mbili alinisimamisha niirudie. Mama Emérance hakuingilia. Alikuwa akimhudumia mtu mwingine, mgongo wake kwetu. Ilichukua saa moja na nusu kazi ambayo yeye huifanya kwa dakika thelathini. Tulipofika mwisho Kalisti akaniuliza, "Ndiyo yote?" Nikamwambia ndiyo yote. Akabonyeza mwenyewe. Bima yake imeanza Januari Mosi, na Alhamisi iliyopita bingwa wa macho amelitazama jicho la kulia.

Jicho la kulia ni zima.

Mama Emérance, umetutendea mema mengi, lakini mimi nakushukuru kwa kuja mlangoni kwangu saa moja asubuhi na kuniuliza swali moja, wakati ungeweza kunivua nguo mbele ya watu mia mbili. Nenda salama. Mlee mjukuu. Watu wa Houston wakikuzoea, waambie wakuheshimu kama tulivyopaswa kukuheshimu sisi tangu mapema zaidi.

Na ninyi nyote, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko niliopewa. Nawashukuru sana kwa kunivumilia. Mungu awabariki.